Kapeti Lililolowa Miguuni pa Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuja kwako na mizigo miwili, naomba unitue angalau mmoja, maana yote miwili imeniangukia katika msimu huu mmoja wa baridi na sijui niulilie upi kwanza. Mimi ni karani katika kambi ya mgodi hapa Kolwezi, mtu wa Kasai kwa baba na kwa mama, nimeoa kwa ndoa ya kanisa, mke wangu anaitwa Mbelu, na tangu tulipopata mtoto wetu wa kwanza mama yake, Mama Ntumba, yuko nasi kumsaidia binti yake, naye ni mama mkwe ambaye kambi nzima inanionea wivu kwa ajili yake, hagombani na jirani, haingilii mambo ya watu, na bukari, yaani ugali, anayosonga hata mgonjwa huomba nyongeza. Wewe umeishi na watu wa kila kabila, unajua heshima yetu ya ukwe, kwamba mimi sili mbele yake, simtazami usoni, wala simwambii neno kwa mdomo wangu, nikiwa na neno namwambia Mbelu naye humfikishia, na yeye hunijibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa mzigo wa kwanza ni motokari. Nina motokari kubwa ya Kimarekani, ya zamani, niliyoichukua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na kila Jumapili baada ya misa tunakwenda Nzilo kumwona shemeji yangu Tshibangu anayefanya kazi kwenye bwawa la umeme, mimi naendesha, Mbelu anakaa mbele pamoja nami na mtoto mapajani, na Mama Ntumba anakaa nyuma peke yake, nyuma ya mgongo wangu hasa, na kile kioo cha kutazamia nyuma nimekigeuza kitazame paa ili macho yangu yasikutane na yake. Mwezi wa sita ilipoingia ile baridi ya asubuhi inayoweka weupe juu ya majani, Mbelu aliniambia mama anatetemeka kule nyuma, basi mimi kwa upendo nikavuta kile kishikio kidogo cha kwenye ubao wa mbele, ambacho Mzungu alinionyesha kuwa ni cha shofaje, yaani cha kuleta joto ndani, nikasikia feni inaunguruma chini ya kiti chetu cha mbele, joto likaenda nyuma, na Mama Ntumba akanishukuru kwa kinywa cha binti yake, nami nikajiona mkwe wa kweli.

Katika baridi hiyo hiyo motokari ikaanza kunywa maji. Asubuhi najaza radiatere, lile sanduku la maji ya kupoza injini, mpaka mdomoni, tukifika Nzilo nikiacha ipoe na kufungua nakuta maji yameshuka hata siyaoni, na mshale wa joto unapanda mpaka kwenye wekundu, na Jumapili moja ilichemka kabisa kabla hatujafika, mvuke ukafunika kioo, watoto wa kijiji cha pale barabarani wakakimbia kando yetu wakipiga makofi na kuimba "Treni! Treni!" na mimi natamani ardhi inimeze, kwa kuwa mama mkwe yuko nyuma anasikia yote.

Nikamwita jirani yangu Abedi, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, yeye ana lori linalokwenda Lubudi na kurudi, na injini anazijua. Alitandika makaratasi ya maboksi chini ya motokari usiku kucha, asubuhi yakawa makavu. Akapapasa mipira yote ya maji, mikavu. Akaitazama pompi, haivuji. Akatazama moshi wa nyuma, si mweupe. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, mafuta ni meusi kama kawaida, hayana maji. Akakaa juu ya tairi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Tata," akaniambia, "hii motoka yako inakunywa kama balevi ba Jumamosi, lakini haikojoe. Mi sijaona bado kitu ya namna hii." Mtu mwingine sokoni akanishauri nitie unga wa muhogo ndani ya radiatere, kwamba utaziba tundu popote lilipo, nikatia, na mshale sasa unapanda mapema zaidi.

Mzigo wa pili, mshauri, kalamu yangu inakataa kuuandika, lakini nitauandika. Jumapili moja tuliporudi, nilipokuwa nafuta vumbi ndani, nikakuta kapeti la nyuma limelowa, pale pale miguu ya Mama Ntumba inapokaa. Kiti kilikuwa kikavu, lakini nikajiambia labda alisogea mbele kwa haraka. Maji yenyewe yalikuwa bado na uvuguvugu, na yana rangi kama ya chai nyepesi. Sikuyanusa, ningeyanusaje maji ya mama mkwe? Nikakausha kimya kimya. Jumapili iliyofuata, vile vile. Tena Mbelu akasema mama siku hizi anasafiri miguu yake ikiwa juu ya kitunga chake, na nikaona kwa pembe ya jicho, Mungu anisamehe, kwamba upindo wa kikwembe chake, kile kitenge anachojifunga, ulikuwa umelowa na anatembea upesi kuingia nyumbani. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba uzee umemfikia kwa njia hiyo, na kwamba hawezi kusema, nami siwezi kuuliza, na hata kwa Mbelu sikuweza, kwa kuwa neno hilo haliingii kinywani mwa mkwe.

Basi nikafanya jambo ambalo niliona ni la hekima. Nilichukua kile kipande cha mpira tunachotandika chini ya mtoto wetu anapolala, nikakitandika juu ya kiti cha nyuma, nikakifunika vizuri na shuka. Mama Ntumba akaingia, akaketi, mpira ukalia chini yake. Tulikwenda Nzilo na kurudi, na tulipofika nyumbani Mbelu aliifunua shuka, akanifuata mpaka nyuma ya jiko.

"Mama yangu ni mutoto wa kunyonya? Unamutandikia mupira ya mutoto?"

"Mbelu, kapeti inalowa."

"Inalowa na nini? Sema. Sema na kinywa yako, nisikie."

Nikainama nikaanza kupanga kuni.

"Unaona? Hata kusema unapata haya, lakini kumukalisha pale juu hukupata haya. Atarudi kwetu Luluabourg, na mi nitamufwata na mutoto wangu."

Na kutoka ndani tukasikia sauti ya Mama Ntumba mwenyewe, taratibu kabisa: "Mbelu, acha bwana yako. Ni baridi ya Katanga tu imenishinda."

Sasa anangoja Tshibangu apate likizo mwisho wa mwezi amsindikize kwenye treni, nguo zake zimeshafungwa, na Mbelu analala na mtoto chumbani kwa mama yake, bukari ninaletewa na mtoto wa jirani. Naomba uniambie, mshauri, kuna dawa gani kwa ugonjwa huo wa wazee, na namna gani mkwe anaweza kuomba msamaha kwa jambo lisilotajika, na hii motokari niiuze au niiache ife?

Mimi katika mateso,
Muamba, Kolwezi

*

Ndugu Muamba,

Kwanza vuta pumzi. Majina nimeyabadilisha yote, hata lako, wala hakuna mtu wa kambi yako atakayejua. Pili, na hili lisome mara mbili: mama mkwe wako haumwi. Hahitaji dawa. Huna mizigo miwili, una mmoja, na mzigo huo una magurudumu manne.

Wewe na Abedi mmeipima motokari vizuri, nawasifu. Maji hayapotei duniani, hutoka mahali na kwenda mahali. Katika injini yana njia chache za kutoka. Yanaweza kudondoka chini, kwa mpira uliopasuka, au pompi iliyochakaa, au radiatere iliyotoboka; makaratasi yalikuwa makavu, lakini kumbuka yalilala chini ya injini baridi, na kuna tundu linalofunguka injini ikiwa moto tu. Yanaweza kuingia ndani ya injini yenyewe na kutoka kwa moshi mweupe, au kuchanganyika na mafuta mpaka mafuta yakafanana na maziwa. Hayo nayo Abedi aliyaona kuwa si yenyewe. Yanaweza kutoka kwa kifuniko kama mpira wake umekauka. Lakini iko njia nyingine, na hamkuitazama kwa sababu mlidhani ni chombo cha umeme.

Ile shofaje haipashi joto kwa umeme, ndugu yangu. Umeme unazungusha feni tu. Chini ya kiti chako cha mbele kuna radiatere nyingine, ndogo, ndugu wa ile kubwa. Mipira miwili inatoka kwenye injini, inapita chini ya sakafu: mmoja unaipelekea maji ya moto, mwingine unayarudisha. Feni inapuliza hewa katikati yake, hewa inapata joto na kwenda kwa anayekaa nyuma. Motokari yako ni ya zamani, na Mzungu yule katika miaka yake ya Kongo pengine hakukigusa kishikio hicho ila mara chache. Maji yakalala mle, kutu ikala bati taratibu. Mwezi wa sita ulipovuta kishikio, ulifungua bomba. Maji ya moto yakaingia kwa nguvu katika kitu kilichooza. Tangu siku hiyo yanavuja chini ya kiti chako na kutiririka nyuma, kwa miguu ya mama wa watu. Rafiki yako alisema motokari yako inakunywa bila kukojoa. Inakojoa, Muamba. Inakojoa ndani ya nyumba.

Sasa nitakugombeza kidogo, na utavumilia, kwa sababu umenipa haki hiyo. Ulikuwa na shahidi mkononi, yaani lile kapeti, na hukumuuliza hata swali moja. Mkojo, nalitaja neno lililokushinda, hutoka kwa mtu aliyeketi. Tangu lini mkojo ukaruka kiti, ukakiacha kikavu, ukaangukia sakafuni? Rangi ya chai ni kutu. Uvuguvugu ni joto la injini. Na pua ulipewa na Mungu, hata adabu ya ukwe haikatazi kunusa kapeti! Ungelinusa mara moja tu, ungesikia harufu ya chuma, na mpira ule ungebaki kitandani kwa mtoto wako.

Injini uliitazama sehemu kwa sehemu, hukukubali kuihukumu mpaka umeona. Mama mkwe ulimhukumu kwa kapeti. Ulimwona ameinua miguu juu ya kitunga, ukadhani anaficha aibu. Mtu hainui miguu kwa aibu. Aliinua kwa kuwa maji ya moto yalikuwa yanamfikia vidoleni! Na kwa nini hakusema? Fikiri kama mtu wa Kasai. Joto lile ulimpa wewe, naye alikushukuru. Atamwambiaje mkwe wake, hata kwa mdomo wa binti, kwamba zawadi yake inamchoma na motokari yake inayosifiwa kambi nzima ni mbovu? Aliona ni afadhali alowe. Wewe ulinyamaza kumfunika yeye, yeye alinyamaza kukufunika wewe, na katikati yenu ninyi wawili wenye adabu hiyo yote motokari ikafanya ilivyotaka. Tofauti ni moja tu: yeye katika kukufunika hakutandika chochote chini yako.

Hilo la mpira linaumiza, sitalipunguza. Lakini linatibika.

Mimi niko mbali na motokari yako, kwa hiyo usiniamini bure, jaribu. Kausha kapeti kabisa. Tandika kitambaa cheupe chini ya kiti cha mbele na kingine nyuma. Jaza maji injini ikiwa baridi, iwashe ikiwa imesimama uani, vuta kishikio cha shofaje, na mtu yeyote asiingie ndani. Acha ipate moto, na ukiangalie kile kitambaa. Kama sikukosea, utaona doa la rangi ya chai linakua lenyewe juu ya nguo nyeupe, ndani ya motokari isiyo na mtu. Vioo navyo vitaingia ukungu, na nadhani vilikuwa vinaingia ukungu kila Jumapili nawe ukadhani ni pumzi zenu. Ukiona hakuna kitu, niandikie tena, nami nitakula maneno yangu.

Matengenezo yake si makubwa. Fundi wa kulehemu anaweza kuifungua ile radiatere ndogo na kuiziba kwa risasi iliyoyeyushwa, kama bati lake bado lina nguvu. Mpaka hapo, Abedi ataondoa ile mipira miwili pale inapotoka kwenye injini, na mahali pake ataunga kipande kimoja cha mpira kitoke tundu moja kiingie la pili, kibanwe sana pande zote. Maji yatazunguka bila kupita chini ya kiti. Mtasafiri bila joto, na Mama Ntumba atajifunika blanketi kama wanavyofanya watu wengine wa Kolwezi.

Unga wa muhogo utoe leo. Muhogo ni wa bukari, na bukari hupikwa kwenye sufuria. Ndani ya radiatere unaganda katika vile vijia vyembamba, na ndiyo sababu mshale unapanda mapema kuliko zamani. Fungua bomba la chini, mwaga, tia maji safi juu na uyaache yatoke mpaka yatoke safi kabisa kama yalivyoingia. Tumia maji ya mvua au ya bomba, si ya mitaro ya mashimo ya shaba, hayo hula chuma. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, usimwage maji baridi kwenye injini inayochemka. Tena huku kwetu juu maji huchemka mapema kuliko kule Matadi karibu na pwani, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi na haiyakandamizi sana. Mshale ukikaribia wekundu simama, watoto wa barabarani waimbe wanavyotaka. Na kioo cha nyuma kirudishe mahali pake. Heshima ya ukwe haidai mgongwe na lori. Mama ahamie upande wa pili wa kiti, hutamwona.

Motokari usiuze. Hayo ya motokari yamekwisha.

Kuhusu msamaha, desturi yenu imekufungia mlango mmoja, si nyumba nzima. Huwezi kusema naye, lakini una mke, ingawa kwa sasa analala chumba kingine. Nenda kwa Mbelu. Usianze na shofaje, wala mipira, wala kutu. Anza hivi: "Nilimukosea mama." Nyamaza. Akikugombeza, sikiliza mpaka achoke. Halafu mwombe jambo moja tu, aje uani na mama yake watazame kitu. Umtafutie Mama Ntumba kikwembe kipya, kizuri, si cha kila siku, maana kile cha zamani kimeingia madoa ya kutu kwa ajili yako, na uwaulize wazee wa kwenu hapo Kolwezi ni kitu gani mkwe hupeleka anapovunja heshima, kuku au mbuzi, ukipeleke bila kubishana. Kwa mdomo wa Mbelu, muulize mama kama vidole vyake viliungua. Hilo swali litamfikia kuliko mbuzi.

Lakini sikia vizuri, kwa kuwa najua tabia ya wanaume wenye motokari: ukimaliza kusoma hapa utakimbilia spana. Usiguse spana! Ukiziba tundu kabla hawajaliona, umemfukuza shahidi wako, na maisha yako yote utabaki unaeleza habari za radiatere ndogo kwa wanawake wasiokuamini. Acha ivuje kwa siku moja zaidi. Abedi aje awashe injini, afungue milango yote, atandike kitambaa cheupe. Mbelu asimame na mama yake watazame doa linavyokua pale pasipo na mtu. Mbelu atie mkono wake mwenyewe, asikie uvuguvugu, anuse. Wewe usiwepo. Nenda ukakae nyuma ya jiko, mgongo kwa ua, kama adabu inavyokutaka.

Halafu utasikia mmoja wao ameanza kucheka, nadhani atakuwa mama. Usitoke kueleza. Kaa hapo hapo, uwaache wacheke mpaka watosheke.